Bili ya jiji kwa nyasi na nyumba tupu (Marekani): pinga amri, usisubiri bili

MwanaPongwe (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma piteni pembeni. Mods naomba msiuunganishe na ule wa kununua nyumba ughaibuni. Huu ni wa waliokwisha kununua na sasa wanapokea bahasha.

Niko Marekani mwaka wa 14, majimbo ya kati. Mji siutaji kwa sababu bado naishi humo na mambo yetu hayajapoa. Nina nyumba mbili, ninayoishi na nyingine ya kupangisha. Mwaka juzi mwezi wa tano mama alitutoka, Tanga. Niliondoka na begi moja, nikakaa wiki saba. Ile nyumba ya kupangisha wapangaji walikuwa wamehama mwezi wa nne, ikawa inasubiri rangi tu.

Kwa asiyejua, mwezi wa tano na wa sita huku nyasi hazioti, zinakimbia. Theluji imeyeyuka, ardhi imelowa, jua linachelewa kuzama. Ukikata Jumamosi, Jumamosi inayofuata unakata tena. Mimi wiki saba niko Pongwe napokea wageni wa msiba.

Niliporudi nikakuta bahasha nne sandukuni na karatasi ya rangi ya chungwa imebandikwa mlangoni kwa gundi ambayo alama yake mpaka leo haijatoka. Bahasha ya kwanza: amri, kata nyasi. Ya pili: hujakata, tumemtuma mkandarasi. Ya tatu: bili, dola 386. Humo ndani mkandarasi alikuwa 140, iliyobaki yote wameiita gharama za uendeshaji. Ya nne ndiyo iliyonikalisha chini. Nyumba yako tumeiandikisha kuwa nyumba tupu, ada ya mwaka ni dola 1,800, na mtu asihamie mpaka tuikague.

Sasa kosa langu. Nilikasirikia bili. Nikaandika rufaa kurasa tatu juu ya bili, nikaambatanisha tiketi za ndege na cheti cha kifo cha mama nimekitafsirisha kwa pesa. Siku ya kusikilizwa, afisa, mama mmoja mtaratibu kabisa, akasoma yote, akavua miwani, akaniuliza: "Ile amri ya kwanza uliipinga?" Nikamwambia sikuiona, nilikuwa nazika. Akanipa pole, na naamini ilitoka moyoni. Halafu akasema leo hatuzungumzii kama nyasi zilikuwa ndefu, hilo lilifungwa siku kumi baada ya amri. Leo tunaangalia kama kazi ilifanyika na kama hesabu ni sahihi. Kazi ilifanyika, hesabu ni sahihi.

Ndugu zangu, amri na ada ni vitu viwili na kila kimoja kina mlango wake wa rufaa. Ukisubiri bili ndipo uanze kulalamika, mlango ule wenye maana umeshafungwa. Nilijifunza kwa dola zangu. Nitaendelea, ngoja nimpokee mtoto shule.

Mkaa Kibarazani

Kiti cha mbele, kahawa na kashata ninavyo. Pole na msiba mkuu.

Dogo wa Segerea

Yaani nchi inakupiga faini kwa NYASI? Nyasi ndani ya uzio wako? Huku mtaani nyasi ndefu ni malisho ya mbuzi wa jirani na anakushukuru.

Bi Mkubwa Ilala

Dogo acha utani, mwenzio kafiwa. Ila na mimi nina swali. Kwetu kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi, na mara nyingi mpangaji ndiye anayeilipa bila hata kujua. Nyumba ikikaa tupu hakuna anayenunua umeme, basi. Huko jiji linajuaje nyumba ni tupu?

MwanaPongwe

Nimerudi. Bi Mkubwa, wanajua kwa jirani. Karibu kila kitu kinaanza na jirani kupiga simu. Mkaguzi anakuja, hakuna pazia, barua zimejaa sandukuni, mita ya maji haizunguki. Anapiga picha anaondoka.

Zile picha nitazizungumzia kwa kirefu kwa sababu wengi hawajui kuwa zipo. Niliomba faili langu, ni haki yako, wakanipa. Ilikuwamo picha moja ya futi ya fundi, ile ya bati ya kuvuta, imesimamishwa kwenye nyasi. Kidole gumba cha mkaguzi kinaonekana pembeni, kucha imepasuka. Futi inasoma inchi 13. Nikaiangalia picha ile nusu saa nzima. Uzio wa mbao nyuma yake si wangu! Nikaona nimeshinda. Nikatoka nayo mkononi nikazunguka nyumba, nikafika uchochoro wa nyuma ambapo magari ya taka hupita. Uzio ni wa jirani wa ng'ambo. Nyasi ni zangu. Kumbe kipande kati ya uzio wangu na lami ya uchochoro ni jukumu la mwenye nyumba. Miaka tisa nilidhani ni cha jiji. Mbele ya nyumba shemeji alikuwa amenikatia, wala hapakuwa na tatizo. Nyasi zilizoniponza ni zile ambazo hata sikujua ni zangu.

Baada ya hapo baridi yote nikakaa nasoma kesi za watu. Shemeji yangu ana nyumba Saint Paul, Minnesota, na jiji lile lina utaratibu ambao ungekuwa kwetu ningelia kidogo tu. Wana afisa wa kusikiliza rufaa chini ya Baraza la Jiji. Haamui yeye, anapendekeza, Baraza linapitisha. Na kumbukumbu za mashauri wanaziweka mtandaoni, unasoma mwenye nyumba kasema nini, mkaguzi kajibu nini.

Huko nyasi zikipita inchi 8 ni kosa, yaani kama sentimita 20. Theluji ya njia ya waenda kwa miguu uiondoe ndani ya saa 24 baada ya kuacha kuanguka. Nyumba tupu wanazipanga katika madaraja matatu. La kwanza ni nyumba nzima ila haina mtu. La pili ina makosa mengi au imefungwa na ukaguzi. La tatu ni hatari. Ukiangukia la pili au la tatu, haikaliwi tena mpaka ikaguliwe umeme, mabomba, joto na kuta, upewe cheti. Ada ya kuandikishwa kwa mwaka ni zaidi ya dola 2,000. Halafu kuna ada moja inanichekesha mpaka leo, ya kutumia wakaguzi kupita kiasi. Ukiwaita sana kwa makosa yako, unawalipa uchovu wao.

Dogo wa Segerea

😂😂 Hiyo ya uchovu naipeleka kazini kesho.

Sauti ya Mpangaji

Nimesoma kimya, sasa niseme. Ninyi wenye nyumba mnajililia tu. Mimi nimepanga Minnesota miaka sita. Baridi moja mwenye nyumba, mtu wetu kabisa, tunasalimiana kwa Kiswahili, alituacha na mashine ya joto mbovu siku tisa. Watoto wanalala na makoti. Kila nikimpigia: "Dada yangu, fundi yuko njiani." Fundi gani huyo wa siku tisa? Nikapiga simu jijini. Mkaguzi akaja kesho yake, akatoa kipimajoto mfukoni, akakiweka juu ya meza ya jikoni, tukakaa tunakiangalia kama watu wanaosubiri chai ichemke. Kikasoma 54 kwa vipimo vyao, kama 12 vyetu. Sheria ya jimbo tangu mwanzo wa 2024 inataka angalau 68 kuanzia mwezi wa kumi hadi wa nne. Fundi akaonekana siku hiyohiyo jioni. Kwa hiyo hizo ada mnazozipinga, wengine ndizo zilizotupa joto.

MwanaPongwe

Dada, hapo sina ubishi. Mwenye nyumba wa namna hiyo angeongezewa. Ndiyo maana uzi haukuandikwa "wakaguzi ni wezi". Mimi nasema juu ya mtu ambaye anakubali kosa, anarekebisha, halafu bado ada inamfuata kama kupe.

Mfunguzi wa Vitabu

Nasoma sheria huku, mwaka wa pili, sijawa wakili, kwa hiyo nichukulieni kama mpiga soga aliyeona kitabu.

Alichosema dada na alichosema mleta uzi viliwahi kugongana mahakamani, na ni hiyohiyo Saint Paul. Miaka ya 2000 kundi la wenye nyumba za kupangisha lilishtaki jiji kwamba ukaguzi umekuwa mkali mno, gharama zinapanda, nyumba zinafungwa, na wanaoumia zaidi ni wapangaji weusi na wengine wa jamii za wachache. Hoja yao ilikuwa kwamba hata kama jiji halikukusudia ubaguzi, matokeo yake ni ya kibaguzi. Kesi inaitwa Magner dhidi ya Gallagher. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kuisikiliza Novemba 2011, watu wakajiandaa, halafu Februari 2012 jiji, ambalo ndilo lililokuwa limekata rufaa huko, likaiondoa lenyewe! Baadaye ikajulikana kulikuwa na maelewano na Wizara ya Sheria ya huko. Serikali haikutaka hoja ile ya matokeo iamuliwe na majaji wale, ikihofia itafutwa nchi nzima. Wabunge walilipigia kelele sana jambo hilo 2013. Hoja yenyewe ilikuja kukubaliwa 2015 kwa kesi nyingine ya Texas, kura 5 kwa 4.

Kingine ni kwamba mkaguzi hana ruhusa ya kuingia tu ndani kwako. Tangu 1967, kesi ya mpangaji mmoja wa San Francisco, Camara, ukikataa inabidi akatafute hati ya mahakama. Nje anaona kila kitu kutoka barabarani, huko huna la kumzuia.

Mkaa Kibarazani

Aisee. Jiji linakimbia kesi yake mwenyewe.

Mtu wa Uvira

Asanteni ndugu. Mimi niko Iowa, nilinunua nyumba mwaka jana. Barua zinakuja kwa Kiingereza, mtoto ndiye ananisomea, na mtoto akiona neno gumu anasema "baba hii si ya maana". Nilipata moja ya rangi ya njano. Naogopa. Wanaweza kuninyang'anya nyumba?

MwanaPongwe

Ndugu wa Uvira, hiyo ya njano isome leo, si kesho. Tafuta tarehe mbili tu, tarehe barua ilipoandikwa na tarehe ya mwisho wa rufaa. Saint Paul ni siku 10 toka amri, na shemeji alilipa dola 25 kufungua rufaa. Kwenu inaweza kuwa tofauti, ndiyo maana nasema isome. Piga simu namba iliyoko chini, omba mkalimani wa Kiswahili kabla ya siku ya shauri. Usimpeleke mtoto akutafsirie mbele ya afisa. Mwanangu alinitafsiria mara moja benki, nikatoka na akaunti ambayo sikuitaka.

Kuhusu kunyang'anywa. Ada yenyewe haikunyang'anyi. Ila usipolipa, jiji linaibandika kwenye kodi ya nyumba yako. Ikishakaa pale haiitwi tena nyasi, inaitwa kodi, na kodi ya nyumba isipolipwa miaka kadhaa nyumba inachukuliwa. Hapo kuna habari njema kidogo, Mfunguzi naona ataijua.

Mfunguzi wa Vitabu

Tyler dhidi ya Hennepin, Mei 2023. Bibi wa miaka 94, alikuwa na fleti Minneapolis. Deni la kodi lilikuwa kama dola 2,300, riba na adhabu zikalikuza hadi 15,000. Kaunti ikaichukua fleti, ikaiuza 40,000, ikabaki na chenji yote. Majaji wote tisa wakasema hapana, kata deni lako, kilichozidi ni cha bibi. Kwa hiyo nyumba bado inaweza kuuzwa, lakini chenji ni yako.

Na ya 2019, Timbs, ilitoka Indiana. Ilihusu gari, ila kilichoamuliwa ni kwamba katazo la faini za kupita kiasi lililo kwenye Katiba linazibana pia serikali za majimbo, na miji ikiwamo. Wenye nyumba wengi wanaitumia sasa. Isiwadanganye lakini. Florida mtu alipigwa dola 500 kwa siku kwa nyasi ndefu mpaka ikakaribia 30,000, jaji akaona ni sawa.

Mji mdogo wa Pagedale, jirani na St. Louis, ndio ulikuwa kiboko. Watu waliandikiwa makosa kwa mapazia yasiyolingana na milango isiyo na wavu. Walishtakiwa 2015, na 2018 wakasaini makubaliano mbele ya mahakama kubadilisha sheria zao.

Bi Mkubwa Ilala

Mapazia! Wangefika kwangu wangenifunga maisha.

Kamau Mtulivu

Huku Nairobi kaunti husamehe adhabu za kodi ya ardhi kila baada ya muda, na watu wameshazoea kungoja msamaha. Je, huko kuna msamaha?

MwanaPongwe

Kamau, msamaha wa jumla sijauona, ila kuna ule wa mtu mmojammoja na unatolewa sana kuliko watu wanavyodhani. Katika kumbukumbu za Saint Paul nilizosoma, watu wachache mno wanafutiwa kila kitu. Wengi wanapewa kitu cha katikati. Mwenye nyumba tupu anasema nina mkandarasi, kibali hiki hapa, nitamaliza mwezi fulani. Afisa anapendekeza ada isimamishwe siku 90, ukimaliza ndani yake hulipi. Mwenye bili ya kusafishiwa taka anaambiwa, usipofanya kosa kama hili mpaka tarehe fulani, inafutwa. Mwingine inagawanywa alipe kidogokidogo kwa miaka kadhaa kwenye kodi.

Wanaopewa wana kitu kimoja. Wanakuja na makaratasi ya mbele, hawaji na ya nyuma. Mimi nilikuja na cheti cha kifo. Kilimhuzunisha afisa, hakikumpa cha kuandika. Laiti ningekuja na kibali cha ukarabati na mkataba wa mpangaji mpya.

Na ndivyo nilivyofanya mara ya pili. Ile ada ya 1,800 ya nyumba tupu amri yake ilikuwa imechelewa kutumwa, siku zangu za rufaa zilikuwa bado tatu. Nikapinga AMRI. Sikuandika kurasa tatu, niliandika mistari sita. Nyumba ilikuwa kati ya wapangaji, haikutelekezwa. Umeme na maji havikukatwa, bili hizi hapa. Mpaka rangi risiti hii hapa. Mpangaji anaingia tarehe 1, mkataba huu hapa. Shauri likachukua dakika kumi na moja. Nyumba ikaondolewa kwenye orodha, ada ikafutwa. Ile 386 ya nyasi niliilipa yote.

Dogo wa Segerea

Sasa mkuu hapo umeshinda au umeshindwa?

MwanaPongwe

Dogo, piga hesabu mwenyewe.

Sauti ya Mpangaji

Mleta uzi, na anwani je? Barua zako zilikuwa zinaenda wapi muda wote huo?

MwanaPongwe

Dada umenishika pabaya. Zilikuwa zinaenda kwenye nyumba ileile tupu, kwa sababu nilipoinunua sikubadilisha anwani kwenye rejista ya kodi. Jiji linatuma kwa anwani iliyoko pale, na likishatuma, kwao umeshaarifiwa, uwe umesoma au uko Pongwe. Nilijaribu hoja hiyo. Afisa alinigeuzia tu kompyuta yake nione jina langu na namba ya nyumba, na chini yake tarehe niliyosaini. Sasa barua zinakuja ninapoishi, na nikisafiri shemeji ana ufunguo wa sanduku, anapiga picha kila bahasha yenye nembo ya jiji ananirushia WhatsApp.

Bi Mkubwa Ilala

Mwanangu nikuulize la mwisho. Huku ukiona X nyekundu ukutani ujue kimeumana, nyumba inabomolewa, Kimara 2017 tuliona. Huko wanaweka?

MwanaPongwe

Mama, Chicago waliweka! Kibao chekundu chenye X, walianza 2012. Wazima moto wawili walifia ndani ya jengo lililotelekezwa Desemba 2010, ndipo wakaamua kuyawekea alama. Ila maana yake si bomoa. Inamwambia mzima moto jengo hili limeoza, usiingie ovyo. Mara ya kwanza nilipopita mtaa wenye vile vibao nilimwambia mke wangu mtaa mzima huu unavunjwa, akanicheka wiki nzima.

Mtu wa Uvira

Ndugu nimeisoma na mwanangu, neno kwa neno. Ni theluji ya mwezi wa pili na mlango wa gereji umevunjika. Tarehe ya barua ni ya Jumatano iliyopita. Rufaa siku 15.

MwanaPongwe

Basi uko ndani ya muda, una siku nyingi. Kesho asubuhi piga picha mlango ukiwa mbovu, weka gazeti la siku hiyo pembeni, utengeneze, upige tena. Theluji imeshayeyuka, hiyo waulize wana picha gani. Njoo PM tuandike pamoja, mistari sita inatosha.

Mimi nimetoka uchochoroni sasa hivi na futi. Inchi nne na nusu. Jumamosi wametabiri mvua, kwa hiyo nakata leo.